Fahamu: Mbwa wako anasema nini anapokupokea nyumbani?

Viungani kama Pangani, Kibaha, mbwa hufugwa zaidi kwa ulinzi: mchana bandani, usiku uani. Ukirudi kutoka kazini anakurukia, nawe unadhani ni furaha tu. Si lazima.

Mkia

Mwaka 2007 watafiti wa Italia walichunguza mbwa 30 na kubaini kuwa mbwa akimwona mmiliki wake, mkia huelemea zaidi kulia. Akiona mbwa mbabe asiyemjua, huelemea kushoto. Kwa macho ya kawaida ni vigumu kuiona tofauti hiyo. Rahisi zaidi ni kutazama kimo. Mkia ulio usawa wa mgongo, unaoyumba pamoja na kiuno, ni wa furaha. Uliosimama wima, mkakamavu, ukitikisika harakaharaka, ni onyo.

Mwili mzima

Kujilamba midomo, kupiga miayo bila usingizi na kukwepesha macho ni dalili za wasiwasi. Akilala chali huku amekaza misuli, haombi kukunwa tumbo, anaogopa. Wengine hukojoa kidogo wakikuona, hasa watoto wa mbwa. Huo si utundu, na fimbo huzidisha hofu.

Kwa nini ni muhimu

Watoto ndio hukosea zaidi kusoma ishara hizi na kuumwa, na karibu maambukizi yote ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.