Kompyuta Yafunzwa Kutambua Maradhi ya Muhogo

Askari wa zamu langoni hamruhusu mtu kupita kwa sababu ya sare peke yake. Hutazama pia mwendo wake, hati zake na namna anavyojibu swali. Njia kama hiyo ilifuatwa na Jennifer Aduwo, Ernest Mwebaze na John Quinn wa Chuo Kikuu cha Makerere, mjini Kampala, ambao mwaka 2010 walieleza jinsi kompyuta inavyoweza kufunzwa kutambua ugonjwa wa muhogo kwa picha ya jani. Walianza na batobato. Maradhi mengine yaliongezwa baadaye.

Kila mama mwenye shamba anajua kwamba jani likiingia umanjano kuna jambo. Lakini ni jambo gani? Batobato, ambayo huenezwa na nzi weupe, hutia mabaka na kulikunja jani. Michirizi ya kahawia hutia umanjano kandokando ya mishipa, ila jani hubaki limenyooka. Utitiri wa kijani nao huacha vidoadoa vidogo vidogo. Kompyuta inayohesabu rangi tu yaweza kuyachanganya maradhi hayo. Inayopima umbo tu yaweza kulidhani jani la michirizi kuwa zima. Ndiyo maana hupewa mafungu mawili ya alama: kiasi cha kila rangi, kisha kingo na mikunjo ya jani.

Mashine za siku hizi hujitafutia alama zenyewe katika picha nyingi zilizokwisha kutajwa ugonjwa wake. Mwaka 2019 Makerere, pamoja na wataalamu wa mazao wa Namulonge, walitoa picha 9,436 zilizokusanywa kutoka kwa wakulima: maradhi manne, na majani mazima. Za batobato na michirizi zilizidi mno, na hapo pana hatari. Mwanafunzi aliyefundishwa neno moja kutwa nzima hulijibu hata pasipo mahali pake.

Hatari kubwa zaidi imo udongoni. Michirizi huweza kuozesha mizizi hali majani yanaonekana mema, wala kamera haichimbi. Familia ikiambiwa shamba lake ni zima, kisha ikamgawia jirani vipando, yaweza kumpelekea ugonjwa pamoja navyo. Kwa maoni yetu, simu iwe mshauri wa kwanza tu. Kabla ya kukata vipando, ng'oa mashina machache, pasua mizizi, utazame: ukiona mabaka makavu ya kahawia ndani yake, usichukue mbegu katika shamba hilo.