Hataza ya dawa Ulaya: tarehe moja haitoshi

Mgonjwa akiambiwa kwamba dawa yake itashuka bei hataza ikiisha, huuliza: itaisha lini? Kwa Ulaya, jibu la haraka ni miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Ni jibu la kweli, lakini limewapotosha wengi.

Hataza ni haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine kutengeneza na kuuza alichovumbua. Ombi hupelekwa Ofisi ya Hataza ya Ulaya, mjini Munich. (Ofisi hii si ya Umoja wa Ulaya, Uingereza, Uswizi na Uturuki zimo.) Hataza ikishatolewa, huwa nyingi: Ujerumani yake, Ufaransa yake, na kila nchi yadai ada yake ya kila mwaka. Ada isipolipwa, hataza hufa katika nchi ile huku kwa jirani ingali hai. Tangu Juni 2023 ipo hataza moja ya pamoja kwa baadhi ya nchi, ila dawa nyingi zilizoko madukani ziliitangulia.

Tatizo kubwa ni cheti cha ulinzi wa ziada. Kwa kuwa dawa hukaa miaka kabla ya kuruhusiwa sokoni, sheria humfidia mwenyewe. Chukua muda kati ya siku ya ombi na siku ya ruhusa ya kwanza, toa miaka 5. Kinachobaki ndicho cha kuongeza, kisizidi miaka 5. Dawa ikifanyiwa utafiti kwa watoto kulingana na mpango uliokubaliwa, yaweza kupata miezi 6 zaidi.

Tazama Truvada, kidonge cha Ukimwi cha kampuni ya Gilead. Ombi liliwasilishwa Julai 25, 1997, kwa hivyo hataza iliisha Julai 2017. Ruhusa ya Ulaya ilitoka Februari 2005, yaani baada ya miaka 7 na miezi kama 7. Toa 5, yabaki miaka 2 na miezi 7: cheti kingefika Februari 2020. Teva na wenzake wakaenda mahakamani. Kidonge kina dawa mbili, tenofovir na emtricitabine, lakini hataza haikuitaja ya pili. Ilisema tu "viambato vingine vya tiba" kwa hiari. Julai 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilieleza kipimo cha kutumia, na Septemba mwaka huo mahakama ya London ikakibatilisha cheti cha Uingereza. Tarehe iliyoandikwa kwenye rejista haikusimama.

Kwa hivyo anayetafuta aanze na jina la kiambato, lile la maandishi madogo chini ya jina la biashara. Atafute hataza zake kwenye Espacenet, bila malipo, kisha rejista ya Munich ampe tarehe ya ombi. Ada na vyeti avitafute kwenye ofisi ya kila nchi, maana vyeti hutolewa huko. Asiishie hataza ya kwanza: huenda kuna nyingine ya umbo la chumvi, ya mchanganyiko au ya matumizi mapya.

Tarehe hizo ni za Ulaya tu. Dawa inayouzwa Mombasa hufuata hataza iliyo na nguvu Kenya, iwe ilisajiliwa KIPI au kupitia ARIPO kule Harare.