Usinunue Besi kwa Bendera

Mwambie mpiga besi kuwa gitaa lako limetengenezwa China, atakunja uso kabla hajaligusa. Mwambie ni la Marekani, atalipokea kwa mikono miwili. Mazoea haya yamewatia hasara wanamuziki wengi. Ili kuyapima, nitaanzia mahali pasipotajwa kabisa katika ubishi huo: Jacobs, eneo la viwanda kusini mwa Durban, Afrika Kusini.

Huko ndiko kampuni ya Gallo, ileile ya santuri za Gallotone, ilikotengeneza magitaa ya bei nafuu. Wapenzi wa muziki wa Kiswahili wanalijua jina hilo kwa sababu ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye wimbo wake "Masanga", uliotoka kwa santuri ya Gallotone, ulirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952. Gitaa moja la Gallotone, aina ya Champion, lilifika Liverpool mikononi mwa kijana John Lennon. Ndilo alilopiga kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton tarehe 6 Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 lilinadiwa London kwa zaidi ya pauni 150,000, bei ya jina la mwenyewe, wala si ya mbao.

Mbao zenyewe zilikuwa plaiwudi, na ndani palibandikwa karatasi ya dhamana kwamba gitaa halitapasuka. Fundi wa Ulaya angelidharau, na kwa sauti angekuwa na haki: plaiwudi haitetemi vizuri kama ubao mzima. Lakini tabaka zilizopishanishwa hustahimili joto na unyevu unaopasua magitaa ya gharama. Kiwanda kilitoa kitu rahisi, kikasema wazi kinafaa kwa kazi gani. Huo ndio ubora ninaouheshimu.

Kwenye besi ya umeme hadithi ni tofauti kidogo, kwa kuwa sauti huchukuliwa na pikapu, yaani sumaku zilizo chini ya nyuzi. Kiwiliwili kina mchango, ila watu hukikuza mno. Kazi ngumu iko kwenye shingo. Nyuzi nne zenye urefu wa sentimita 86 hivi huivuta kwa nguvu inayozidi kilo 70, usiku na mchana. Shingo iliyokatwa kwenye mti usiokauka sawasawa itapinda, iwe imetoka California au Surabaya.

Tazama Fender, walioanza kuuza besi ya Precision mwaka 1951. Mwaka 1982 walianza kutengenezewa magitaa Japani, na baadhi ya besi za miaka ile ya mwanzo leo zinatafutwa kwa udi na uvumba. Mwaka 1985 wakurugenzi walipoinunua kampuni kutoka CBS, kiwanda cha Fullerton hakikuwemo katika mauzo, hivyo kwa muda sehemu kubwa ya magitaa yao ilitoka Japani. Baadaye vikaja viwanda vya Corona, California, na Ensenada, Meksiko. Magitaa ya bei ya chini yenye jina la Squier yakatengenezwa Korea, Indonesia na China.

Kiwanda ni kama fundi cherehani: hushona kwa kitambaa na malipo uliyompa. Mashine za kukata mbao siku hizi hazitofautiani sana baina ya nchi. Kinachopungua kwenye besi rahisi ni saa za mkono wa mtu, yaani kulainisha ncha za freti, kukausha mbao vya kutosha, kufunga pikapu na swichi za daraja zuri. Kwa hiyo nchi inakudokezea bajeti tu, na hata hapo hukosea.

Dukani, shika besi ukiielekeza machoni kama bunduki, uangalie kama shingo imenyooka. Pitisha kidole ukingoni mwa freti. Zikikukwaruza, muulize fundi atatoza kiasi gani kuzisawazisha. Piga kila noti mpaka juu, usikilize inayofifia au kukereza. Zungusha vitasa vya sauti ikiwa imechomekwa kwenye amplifaya. Ukiishi Mombasa, Tanga au Unguja, kagua skrubu na vikaza nyuzi kwa kutu, hasa besi ya mtumba, maana chumvi ya bahari haibagui nchi. Muuzaji akikataa kuichomeka uisikie, rudisha pesa zako mfukoni, uende duka jingine.