Juu ya nini tunasomeshwa Arabidopsis wakati tunakula muhogo?



Kwenye masomo ya jenetiki jina la Arabidopsis thaliana linarudi kila mara, na kila mara kuna mtu anauliza: hiyo inaliwa? Hapana. Ni kajani kadogo tu, ka familia moja na shu. Lakini kanatoka mbegu mpaka mbegu kwa wiki 6 hivi, kana jozi 5 tu za kromozomu, na mwaka 2000 kalikuwa mmea wa kwanza kusomwa ADN yake karibu yote. Muhogo una jozi 18 na unakaa shambani mwaka mzima ao zaidi. Mtu anayetaka kuzima jeni moja ili aone mmea utapungukiwa na nini, ataanzia wapi?

Sasa tuangalie mozaiki huku Kabambare. Majani yanajikunja, yanapata madoa ya manjano, sombe inapunguka, mizizi inabaki midogo. Wengi wanasema udongo umechoka. Si udongo, ni virusi. Vidudu vyeupe vidogo vinavyokaa chini ya majani ndivyo vinavibeba, na sisi wenyewe pia, tunapokata miti ya muhogo mgonjwa na kuipanda tena.

Kirusi hicho kina ADN kidogo sana, na hakina enzimu yake ya kuikopia. Kinatumia ile ya muhogo. Aina zenye kuvumilia, kama TME 419 ambayo kwetu Kongo inaitwa Obama, zina kinga inayoitwa CMD2. Kwa miaka mingi ilijulikana paka sehemu ya kromozomu inakokaa, basi. Mwaka 2022 watafiti wakaonyesha kwamba kinga hiyo inaendana na mabadiliko ndani ya jeni POLD1, yaani sehemu ya ile enzimu ya kukopia ADN. Herufi moja ya ADN imebadilika, asidi amino moja ikabadilika. Na kazi ya jeni hiyo haikuanza kutafutwa ndani ya muhogo: ilikuwa imekwisha kuelezwa kwa chachu na kwa kale kajani kasiko na faida.

Hapo ndipo mimi naona hatari. Aina nyingi zinazogawiwa leo zinategemea mlango huo mmoja. Na si mgumu kama tulivyofikiri: mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mihogo ya TME 204 iliyooteshwa upya katika laboratwari, kutoka tishu, ilipoteza kinga. Kuna njia nyingine ya zamani, ya Amani kule Tanganyika, ambako tangu miaka ya 1930 muhogo ulichanganywa na ndugu yake wa porini, Manihot glaziovii. Kinga ya upande huo inatoka kwa jeni nyingi, kwa hiyo ni vigumu kirusi kuizunguka yote mara moja.

Basi mradi ukileta miti ya kupanda, tuulize wazazi wake ni akina nani. Na ile mihogo ya kijiji inayobaki safi katikati ya shamba gonjwa, tuitie alama mapema, mbele ya wamama kung'oa, tuhifadhi miti yake pembeni.