Mvua Ikinyesha, Mtoto Utamwachia Nani?

Ndugu mkulima, mvua ya Novemba haimngoji mtu. Katika Kitui na Makueni hiyo ndiyo mvua tunayoitegemea zaidi kwa chakula, na ardhi ikisha lowa kila mwenye nguvu hutakiwa shambani: baba kwenye plau, mama nyuma yake na mbegu za mahindi, kunde na ndengu. Ndipo watu wa nyumbani huulizana, jua limekwisha panda: mtoto abaki na nani?

Zamani jambo hili halikuwa gumu, kwa kuwa nyanya alikuwa papo hapo bomani. Lakini sisi wa maskani ni watu tuliohama. Wazee waliokuja Makueni katika miaka ya 1940, msitu ulipofyekwa ili kuondoa mbung'o, waliwaacha jamaa zao katika vilima vya Machakos. Waliopata mashamba Masongaleni miaka mingi baadaye nao walijikuta kati ya majirani wasiowajua. Ukipewa shamba, hupewi nyanya pamoja nalo.

Basi wengi wetu hufanya haraka. Hutuma habari kwa jamaa, na kesho yake msichana mdogo anashuka katika matatu na mfuko wake wa nguo. Mtu huyo huyo akienda sokoni kununua fahali humtazama meno, humtembeza, huuliza habari za mamake, kisha hurudi nyumbani kufikiri. Yaya humchukua kwa neno la utingo.

Mimi pia nilifanya hivyo. Kabla ya kuwa karani katika afisi ya kilimo nilisomea ualimu, nami nilijua vema maana ya daftari la mahudhurio. Hata hivyo, mwaka mmoja mvua ilipowahi mwishoni mwa Oktoba, tulimchukua binti wa jamaa ya mke wangu, mwenye miaka 12, amtunze mwana wetu wa miezi 10. Hatukumwuliza lolote. Siku ya nne mtoto alitambaa hadi mafigani akatia mkono katika jivu la moto. Msichana hakuwapo, alikuwa ameenda kuteka maji, nasi ndio tuliomtuma. Nilimwuliza kwa ukali kwa nini hakumbeba mtoto. Akanijibu kwamba mtungi wa lita 20 na mtoto havibebeki pamoja. Wenzake wakati ule walikuwa darasani. Mkono wa mtoto ulipona, kovu liko hadi leo.

Usiseme, "Lakini huyu ni wa ukoo." Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13 kwa kazi yoyote. Mwenye miaka 13 hadi 16 huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Karo katika shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shuleni. Kwa hiyo tafuta mtu mzima mwenye kitambulisho.

Uanze kutafuta lini? Septemba, wakati unaponoa majembe na kurekebisha matuta. Uliza katika kikundi cha mwethya, uliza kanisani, umwulize na mzee wa kijiji. Ukisikia jina, nenda kwao uone wanavyoishi. Waendee pia akina mama ambao aliwahi kuwalelea watoto, uwaulize kwa nini aliondoka. Mama aliyeridhika naye atakueleza mengi bila kuulizwa. Anayenyamaza na kutazama pembeni, naye amekwisha kujibu.

Akija kwako, wewe na mkeo mketi naye pamoja. Baba usikimbie ukidai haya ni mambo ya wanawake, maana mtoto ni wenu wawili. Msimwulize kama anapenda watoto, kwani hakuna atakayesema hapana. Mpeni jambo lenyewe. "Mtoto akiharisha mara tatu kabla ya adhuhuri, utafanya nini?" Anayesema atamkorogea dawa ya pakiti ya zahanati kwa maji safi, atamwita mama aje kumnyonyesha, na kumpeleka zahanati akilegea, huyo anajua kazi. Anayesema atamnyima maji ili tumbo likauke ni hatari kubwa. Tena mwulizeni: "Akilia saa nzima bila kunyamaza?" Hapa sikilizeni sauti kuliko maneno. Mtu mwenye hasira hujulikana kwa swali hili.

Kisha akae siku tatu, mama akiwapo nyumbani. Tazama kama hunawa mikono kwa sabuni baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kumlisha. Mtazame na mtoto mwenyewe: siku ya tatu, je, anamnyoshea mikono, au anajificha nyuma ya mama?

Mtoto asiyetimiza miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hayahitaji. Huyo asiachwe nyumbani mchana kutwa. Yaya aende naye shambani, akae kivulini chini ya mwembe, na mama aje kunyonyesha kila mara mtoto anapotaka. Mistari michache itachelewa kupandwa, haidhuru.

Nyumba nayo yataka kukaguliwa. Nimeona kwa macho yangu dawa ya kupe katika chupa ya soda, imewekwa dirishani. Yaya mgeni atajuaje? Iweke katika chombo chake, uifungie. Pipa la maji lifunikwe, na nambari yako ya simu iandikwe mahali atakapoiona.

Mwishowe patana naye wazi juu ya mshahara, na siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, kama sheria isemavyo. Wala usimwongezee mbuzi, kuni na maji. Anayelea mtoto ana kazi nzima mkononi.

Yule msichana tulimrudisha kwao wiki ile ile, akarudi shuleni. Tulikuja kumpata mama mjane, jirani yetu wa shamba la tatu, ambaye watoto wake wamekwisha kuwa wakubwa. Tulimwuliza maswali yetu, akayajibu yote kwa utulivu, kisha akauliza yake. Mshahara utalipwa tarehe ngapi? Jumapili ataweza kwenda kanisani? Na maji, atateka nani? Hilo la mwisho nilimjibu mimi: nitateka mwenyewe, na punda, kabla ya kwenda afisini.