Unahamia iPhone? Chati za WhatsApp kwanza, mbwembwe baadaye

Haya wadau, leo tuongelee kuhama. Siyo kuhama nyumba, kuhama simu. Kila mara kuna mtu ananifuata na iPhone mkononi, uso unameremeta, swali la kwanza: "Kaka, mbona chati zangu za WhatsApp hazipo?" Nikiangalia, keshaiwasha, keshaweka na picha zake. Hapo kazi imeshakuwa ngumu.

Sababu ni hii. WhatsApp ya Android inaweka akiba ya chati zako Google, ya iPhone inaweka iCloud. Ni maghala mawili, na hakuna mwenye ufunguo wa mwenzake. Ukisema utarudisha kutoka Google kama ulivyozoea, utasubiri sana. Njia rasmi ilikuja mwaka 2022, kupitia programu ya Apple inayoitwa Move to iOS. Unaipakua Play Store kwenye Android yako, bure.

Sasa sharti linalowaumiza wengi: iPhone lazima iwe mpya kabisa, au iwe imefutwa kila kitu na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Manake kuhama kunafanyika pale pale mwanzo, wakati unaiandaa. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji, ziwe kwenye Wi-Fi moja (au Android ishike hotspot ya iPhone), na namba ya WhatsApp iwe ile ile. iPhone inakupa kodi, unaiandika kwenye Android, unachagua WhatsApp, unasubiri. Kama una magrupu ya harusi yenye video kibao, kanywe chai kabisa. Ikimaliza, unapakua WhatsApp kwenye iPhone na kuingia. Orodha ya simu ulizopiga WhatsApp haihami.

Na tafadhali, ile Android usiifute wala usiiuze mpaka ufungue chati za zamani uzione kwa macho. Mtaani kwetu kuna dada anauza vitenge, oda na madeni yote yako kwenye chati. Mtu kama huyo akizipoteza, kapoteza daftari la duka.

Namba za watu ni rahisi. Kama ziko Gmail, ingiza akaunti yako kwenye iPhone zitakuja. Kama ziko kwenye laini, mipangilio ya iPhone ina sehemu ya kuzivuta. M-Pesa haina shida, inafuata laini, siyo simu.

Kwa wanaonunua za mkononi: toka mwaka 2013 iPhone inaweza kufungwa na akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Muuzaji aifute mbele yako, muiwashe pamoja. Ikidai barua pepe na nywila ya mtu mwingine, na yeye hawezi kuiondoa, rudisha hela yako mfukoni. Hata iwe bei chee vipi, hilo ni kopo tu.

Na wewe uliyechoka iPhone unarudi Android, zima iMessage kabla hujatoa laini. Usipozima, meseji za rafiki zako wenye iPhone zinaweza kuendelea kwenda kule usikoziona. Kama simu umeshaiuza, toka mwaka 2014 Apple wana ukurasa wa kuitoa namba yako: unaandika namba, unaletewa kodi kwa meseji, unaiingiza, basi.