Habari za Lubumbashi baada ya kufuli la studio

Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tayari ilikuwa na gazeti la Kifaransa lililosomwa na walowezi. Mwaka 1957 kampuni ya madini ya Union Minière iliwatolea wafanyakazi wake gazeti la Mwana Shaba. Hata hivyo, wakazi wengi wa mji huo walizoea kupata habari kwa masikio: redioni, kwa Kiswahili. Kwa hiyo intaneti haikukuta huko magazeti makubwa ya kuyaua, tofauti na ilivyokuwa Marekani. Ilikuta redio na televisheni, nyingi zikiwa mali ya wanasiasa.

Mwenye televisheni akigombana na wakubwa, dawa ilikuwa kufuli. Nyota, televisheni ya Moïse Katumbi, ilifungwa Januari 2016, miezi michache baada ya Katumbi kujiuzulu ugavana wa Katanga, jimbo la Lubumbashi, na kuachana na chama cha Rais Joseph Kabila. Mwaka huohuo Actualite.cd ilianza kutoa habari mtandaoni. Tovuti haina mnara wala studio ya kuzungushiwa polisi. Mwandishi aliye Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Kinshasa, anahitaji simu yenye chaji na mega za intaneti za kutosha. Chaji yenyewe, kwa umeme wa shirika la taifa, SNEL, si jambo dogo.

Serikali nayo ilipata njia nyingine. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima na kurudi baada ya karibu wiki tatu. Kisha ikaja sheria. Tarehe 13 Machi 2023 zilitiwa saini sheria mpya ya vyombo vya habari, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, na kanuni ya mambo ya dijitali, inayoruhusu kumfunga anayesambaza habari za uongo mtandaoni. Septemba 8 mwaka huo Stanis Bujakera, naibu mkurugenzi wa Actualite.cd, alikamatwa uwanja wa ndege wa Kinshasa akisubiri kupanda ndege ya kwenda Lubumbashi. Simu zake zilichukuliwa, na kesi ikageuka kuwa mabishano juu ya nani alikuwa wa kwanza kusambaza waraka fulani kwa ujumbe wa simu. Alihukumiwa miezi sita Machi 2024, akaachiwa kwa kuwa alikuwa ameshaitumikia. Kwa mwandishi, simu iliyomkomboa kutoka studio ndiyo sasa inayoweza kumfichua aliyempa habari.

Pesa ni shida ya zamani zaidi. Waandishi wengi hawana mshahara wa kueleweka, wanaishi kwa coupage, yaani bahasha anayotoa mwenye mkutano au sherehe inayoandikiwa habari. Mtandao haujaiondoa: matangazo ni machache, na sehemu kubwa ya faida ya matangazo hayo huishia kwa Google na Facebook.

Halafu kuna lugha. Tovuti nyingi za Kongo huandika Kifaransa, ilhali Kiswahili cha mjini husafiri kwa sauti na video katika vikundi vya WhatsApp, ambako hakuna mhariri. Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle mwaka 2002, hutangaza kwa Kiswahili na huchapisha mtandaoni pia, na Congo Check huchunguza uvumi. Lakini uchunguzi wa namna hiyo huchukua saa nyingi, na sauti ya uongo huhitaji dakika chache tu kutoka Kenya hadi Katuba, mitaa ya Lubumbashi.